Orodha Iliyosema "Hakuna": Uchambuzi wa Msimbo wa Kuorodhesha Snapshoti za Mashine Pepe

Usiku wa kuamkia Ijumaa, siku chache kabla ya wageni wa Maulidi kuanza kushuka kutoka kwenye mashua za Mokowe, mwenzetu aliyekuwa zamu katika ofisi yetu ya Langoni, mjini Lamu, alifungua programu yetu ndogo ya kusimamia mashine pepe (kompyuta zinazoendeshwa kwa programu ndani ya seva), akachagua mashine ya mteja, akabonyeza sehemu ya snapshoti, yaani hali za mashine zilizohifadhiwa ili mtu aweze kurudi nyuma. Skrini ikamjibu kwa maneno mawili: "Hakuna snapshoti." Jibu hilo halikuwa kweli. Snapshoti ilikuwapo, ilikuwa nzima, na ilikuwa imechukuliwa saa tatu nyuma na fundi anayeijua kazi yake. Mwenzetu aliamini alichokisoma, akachukua snapshoti nyingine na kuipa jina tulilokuwa tumekubaliana kulitumia kwa msimu huo, yaani kabla-ya-maulidi, na kwa kitendo hicho ile ya kwanza ikafutika.

Uchambuzi huu unahusu msimbo uliotoa jibu lile, na unahusu pia ukaguzi uliouruhusu upite, ambao niliufanya mimi mwenyewe miezi miwili kabla ya usiku huo. Majina ya mteja na ya wenzangu nimeyaacha nje, kwa sababu hayaongezi chochote katika kuelewa kilichotokea.

Mteja ana biashara ya kupokea maombi ya vyumba katika nyumba za wageni za Lamu na Shela pamoja na nafasi katika mashua, na mfumo wake wote unaendeshwa ndani ya mashine pepe moja kwenye seva yetu. Seva inatumia QEMU, programu huria ya kuendesha mashine pepe iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, ikisaidiwa na KVM, inayoiwezesha mashine pepe kutumia prosesa ya seva moja kwa moja, na ambayo imekuwa sehemu ya kiini cha Linux tangu mwaka 2007. Mashine hiyo ina diski mbili, zote katika muundo wa qcow2: ya kwanza imebeba mfumo wa uendeshaji na programu, ya pili imebeba hifadhidata ya wageni na malipo. Ina pia kiendeshi cha CD ambamo faili la usakinishaji liliachwa tangu siku mashine ilipoundwa, jambo ambalo hatukulipa uzito wowote mpaka tulipofika katikati ya kazi hii.

Snapshoti ni kumbukumbu ya hali ya diski katika nukta moja ya wakati, na katika qcow2 huhifadhiwa ndani ya faili lile lile la diski. Data yenyewe hainakiliwi. Faili limegawanywa katika vipande viitwavyo klasta, ambavyo kwa kawaida kila kimoja kina ukubwa wa KiB 64, na kuna ramani inayoonyesha kila sehemu ya diski imelala kwenye klasta ipi. Unapochukua snapshoti, QEMU huhifadhi nakala ya ramani na kuongeza hesabu ya wanaoitegemea kila klasta; baada ya hapo, mashine ikitaka kuandika juu ya klasta inayotegemewa na snapshoti, maandishi mapya hupelekwa kwenye klasta nyingine na ile ya zamani hubaki ilivyokuwa. Ndiyo maana kuchukua snapshoti ya diski ni kazi ya muda mfupi hata kama diski ni kubwa, na ndiyo maana pia kuifuta hakuachi njia ya kurudi, kwa kuwa hesabu ikishafika sifuri klasta inakuwa huru kuandikwa upya.

Sasa mfuatano wa usiku ule. Saa tatu usiku fundi wa kwanza alichukua snapshoti kwa amri ya savevm huku mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi, kisha akasakinisha toleo jipya la programu ya mteja na kuondoka baada ya kuliona linafunguka vizuri. Saa sita usiku mteja alipiga simu kusema kwamba malipo ya jana yanaonekana mara mbili mbili. Fundi wa pili, aliyeshika zamu, alitaka kurudi nyuma. Alipofungua orodha na kuambiwa hakuna kitu, alidhani mwenzake alisahau. Utaratibu wetu unamtaka kila anayegusa mashine ya mteja achukue snapshoti kwanza, naye akaufuata utaratibu. Kwa savevm, ikiwa jina ulilolitoa tayari limetumika, snapshoti ya zamani huondolewa na mpya huchukua nafasi yake, bila swali. Tulichobaki nacho kilikuwa picha safi kabisa ya hifadhidata iliyoharibika. Tulirudisha nakala rudufu ya usiku uliotangulia, na maombi ya siku nzima yakaingizwa upya kwa mkono kutoka kwenye daftari la kaunta ya mteja, kazi iliyoanza alfajiri na kumalizika karibu na wakati wa kwenda msikitini kuswali Ijumaa.

Msimbo wenyewe ni mfupi. Uliandikwa kwa Python na kijana wa ofisi yetu ambaye ni mtoto wa ndugu yangu, na funksheni inayohusika haizidi mistari ishirini. Inaita amri ya qemu-img snapshot -l juu ya faili la diski ya kwanza, inachukua kile ambacho amri imekiandika kwenye tokeo lake la kawaida, inaruka mistari miwili ya juu ambayo ni vichwa vya jedwali, na kila mstari unaobaki inaukata penye nafasi ili kupata namba, jina, ukubwa, tarehe na saa. Snapshoti ambayo ukubwa wake ni sifuri inarukwa. Mwishoni, kama hakuna mstari uliobaki, inaandika "Hakuna snapshoti."

Nilipoukagua mara ya kwanza, nilitoa maoni manne. Nilimtaka abadilishe jina la kigeu kimoja, agawanye mstari uliokuwa mrefu mno, aongeze maelezo juu ya funksheni, na aweke jaribio. Aliyatimiza yote, na jaribio lilipita, kwa sababu lilitumia mashine yenye diski moja iliyokuwa imezimwa. Ninayaandika haya kwa sababu maoni yote manne yalikuwa sahihi, na hakuna hata moja lililogusa kazi ambayo funksheni ile inamfanyia mtu aliye mbele ya skrini. Kila mstari wa orodha ya snapshoti ni ahadi kwamba hapa unaweza kurudi, na orodha tupu nayo ni kauli nzito, kwamba hakuna mahali popote pa kurudi. Mtu anayeisoma saa sita za usiku huku mteja akimsubiri kwenye simu ataitenda kama alivyoisoma. Swali nililopaswa kuuliza lilikuwa moja: ni mambo mangapi tofauti yanaweza kuifanya orodha hii iwe tupu?

Nililiuliza safari hii, na majibu yakaanza kujitokeza.

Jibu la kwanza ndilo lililotuumiza. Tangu toleo la 2.10, lililotoka mwaka 2017, QEMU huliwekea faili la diski kufuli wakati mashine inapofanya kazi, ili programu nyingine isiliguse na kuliharibu. Amri ya qemu-img inapokuta kufuli hilo hukataa kulifungua faili, huandika sababu kwenye njia ya makosa, na hutoka kwa namba isiyo sifuri kuonyesha kwamba imeshindwa. Tokeo la kawaida hubaki tupu. Msimbo wetu haukuisoma njia ya makosa wala haukuitazama namba ya kutokea. Kwa hiyo kwa kila mashine iliyokuwa ikifanya kazi, tangu siku programu ilipowekwa kwenye seva, jibu lilikuwa hilo hilo, "Hakuna snapshoti," na kwa miezi miwili hakuna aliyeligundua kwa kuwa kila aliyekuwa ameifungua orodha alikuwa ameizima mashine kwanza.

Jibu la pili lilinishangaza zaidi, kwa kuwa linatokana na qemu-img yenyewe. Ndani ya QEMU kuna funksheni iitwayo bdrv_snapshot_list, ambayo hurudisha idadi ya snapshoti, au namba hasi kama kuna kosa. Katika qemu-img, idadi hiyo inalinganishwa na sifuri kwa sharti moja tu: ikiwa ni sifuri au pungufu, ondoka bila kuandika chochote. Matokeo yake ni kwamba ukiiuliza diski ya muundo wa raw, ambao hauna uwezo wowote wa kuhifadhi snapshoti ndani yake, unapata ukimya ule ule unaoupata kwa diski ya qcow2 ambayo bado haijachukuliwa snapshoti hata moja, na safari hii namba ya kutokea ni sifuri, kana kwamba kila kitu kimekwenda sawa. Kwa anayesoma kwa macho kwenye skrini ya amri, huenda hilo lisiwe tatizo kubwa, kwa sababu amekwisha kujua ni diski gani aliyoiuliza. Kwa programu inayosoma kwa niaba ya mtu, ni tofauti kati ya "bado hujachukua" na "hutaweza kuchukua kamwe." Amri ya info snapshots ndani ya QEMU ni makini zaidi: namba hasi inaitangaza kuwa kosa, na sifuri inaitolea sentensi yake.

Kijana alirudi siku ya pili na marekebisho yake. Namba ya kutokea sasa inakaguliwa, na kwenye amri ameongeza -U, chaguo linaloiruhusu qemu-img isome faili hata kama mashine inalitumia. Tulikaa barazani nje ya ofisi, kompyuta ikiwa mapajani mwake, punda wakipita na mchanga wa ujenzi.

"Ami, nikiweka hii inasoma bila kukataa," akaniambia. "Nimejaribu mara kumi, orodha inakuja sawa."

"Inasoma, mwanangu. Nataka unieleze inasoma nini ikiwa wakati huo huo fundi mwingine anachukua snapshoti."

Hakuwa na jibu, na sikumlaumu, kwa sababu jibu liko ndani kabisa ya muundo wa faili. Kichwa cha faili la qcow2 kina sehemu mbili zinazofuatana: baiti 4 zinazosema snapshoti ziko ngapi, na baiti 8 zinazosema jedwali la snapshoti linaanzia wapi ndani ya faili. Snapshoti mpya inapoongezwa, QEMU haiandiki juu ya jedwali la zamani. Inaandika jedwali jipya mahali pengine, inabadilisha baiti hizo 12 ili zielekee huko, kisha inaziachilia klasta za jedwali la zamani zitumike kwa kazi nyingine. Msomaji aliyekwisha kusoma kichwa kabla ya badiliko, akaenda kutafuta jedwali baada ya badiliko, anaweza kukuta mahali pale pana data ya mgeni aliyelipia chumba. Maelekezo rasmi ya qemu-img yenyewe yanatahadharisha kwamba chaguo hilo linaweza kuleta matokeo yasiyolingana. Majaribio kumi yaliyofanywa mchana, mtu mmoja akiwa peke yake, hayawezi kuionyesha nafasi hiyo ndogo ya wakati, na ndiyo maana katika jambo la namna hii sikubali hoja ya "nimejaribu ikafanya kazi" hata inapotoka kwa mtu ninayemwamini.

Njia tuliyoikubali ni kuiuliza QEMU inayoshikilia faili. Mashine inapofanya kazi, programu yetu inazungumza nayo kupitia QMP, njia ambayo QEMU hupokelea amri kutoka kwa programu nyingine, na kutuma query-block, ambayo huleta maelezo ya kila diski, zikiwamo snapshoti zake, kwa muundo ulionyooka ambao hauhitaji kukatwa penye nafasi. Mashine ikiwa imezimwa, tunatumia qemu-img info kwa tokeo la JSON, mtindo wa maandishi uliokusudiwa kusomwa na programu, lenye muundo unaokaribiana na huo. Hili peke yake liliondoa kasoro nyingine niliyokuwa nimeiruhusu ipite: jina la snapshoti lenye nafasi katikati, kama "kabla ya kusi," lilikuwa likivunjika vipande vitatu, na ukubwa, tarehe na saa zikasomwa mahali pasipo pake. Jedwali lile linaloonekana kwenye skrini limekusudiwa macho ya mtu, na upana wa safu zake umebadilika kati ya matoleo. Matoleo ya baadaye yameongeza hata safu nzima ya ICOUNT ambayo zamani haikuwapo.

Hata hivyo, QMP haikutuondolea ule ukimya wenye maana mbili. Sehemu ya snapshots haionekani kabisa katika jibu ikiwa diski haina hata moja, na haionekani vilevile ikiwa muundo wa diski hauziwezi. Ilibidi tusome na sehemu ya format, na kama si muundo unaoweza kuhifadhi snapshoti, tuseme hivyo waziwazi.

Hapo ndipo tulipoifikia diski ya pili, na kwa maoni yangu hapa ndipo palipokuwa na hatari kubwa zaidi kuliko ile iliyotupata. Msimbo wa kwanza uliorodhesha diski ya kwanza peke yake. Mashine ya mteja haiwezi kurudi nyuma kwa diski moja: ukirudisha programu ya wiki iliyopita na kuiacha hifadhidata ya leo, unapata mashine ambayo haijawahi kuwapo katika siku yoyote. Snapshoti inayostahili kuonyeshwa kama mahali pa kurudi ni ile iliyomo katika diski zote zinazoandikika. Amri ya info snapshots hufanya hivyo: huonyesha kwanza zile zilizomo katika diski zote, kisha, kwa kila diski, zile zilizomo humo pekee ambazo haziwezi kurudishwa kama mashine nzima.

Kijana aliandika ulinganisho huo kwa kutumia namba ya snapshoti. Ilionekana busara, maana namba ni fupi na hairudiwi ndani ya diski moja. Lakini kila diski hujitolea namba yake yenyewe kwa kufuata ile kubwa iliyopo ndani yake, kwa hiyo diski iliyoongezwa baadaye itaita namba 1 kile ambacho diski ya zamani inakiita namba 7. QEMU inalifahamu hilo vizuri kiasi kwamba katika orodha ya pamoja huifuta namba na kuweka vistari viwili mahali pake. Tukahamia kwenye jina. Jina nalo lina kasoro yake, kwa sababu qcow2 haikatazi snapshoti mbili zenye jina moja katika diski moja, na qemu-img snapshot -c itakutengenezea ya pili bila kulalamika. Tuliamua kulinganisha jina pamoja na wakati. Snapshoti iliyochukuliwa kwa savevm hubeba sekunde ile ile katika kila diski, kwa kuwa maelezo yake huandaliwa mara moja na kuandikwa kote. Zile zilizochukuliwa kwa qemu-img mashine ikiwa imezimwa, diski moja baada ya nyingine, hutofautiana kwa sekunde kadhaa.

Je, tofauti hiyo iifiche snapshoti? Tulibishana juu ya hili muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Kijana alitaka ifichwe, na hoja yake ilikuwa na uzito: mtu asionyeshwe mahali ambapo hatuna hakika napo. Mimi niliona kwamba mashine iliyozimwa haibadiliki kati ya sekunde moja na nyingine, na kwamba kosa la usiku ule lilikuwa hasa ni kuficha. Mwishowe snapshoti hiyo inaonyeshwa, na kando yake panaandikwa kwamba wakati wa diski zake unatofautiana na huenda zilichukuliwa mbalimbali, pamoja na wakati wa kila diski, ili fundi aamue mwenyewe.

Ule mstari uliokuwa ukiruka snapshoti zenye ukubwa wa sifuri ulitaka maelezo marefu kwa kijana, na nadhani wengi huteleza hapo. Alidhani safu ya ukubwa inaonyesha nafasi ambayo snapshoti imeichukua kwenye diski, hivyo sifuri ni snapshoti iliyoharibika. Safu hiyo inaonyesha kitu kingine kabisa, yaani ukubwa wa hali ya mashine iliyohifadhiwa pamoja na snapshoti: kumbukumbu ya RAM na hali ya vifaa. Savevm huihifadhi hali hiyo katika diski moja tu, na katika diski nyingine zote ukubwa huandikwa sifuri, ingawa data zao zimehifadhiwa kikamilifu. Snapshoti iliyochukuliwa mashine ikiwa imezimwa ina sifuri kila mahali, kwa sababu hakukuwa na RAM ya kuhifadhi. Kama tungeongeza diski ya pili bila kuuondoa mstari ule, diski ya hifadhidata ingeonekana haina snapshoti hata moja milele, na kwa kuwa tunataka zilizomo katika diski zote, orodha ya pamoja ingekuwa tupu kwa kila mashine yenye diski mbili. Tungekuwa tumerudi pale pale kwa njia nyingine, tena baada ya kujihakikishia kwamba tumerekebisha.

Kiendeshi cha CD kilifanya hivyo hivyo kwa siku moja. Faili la usakinishaji halina snapshoti, na kwa hesabu ya "diski zote" hakuna snapshoti iliyomo katika zote. QEMU huviruka vifaa visivyo na kitu ndani na vile vya kusomwa tu. Nasi tukafuata kanuni hiyo hiyo.

Jambo la saa ni dogo ila nalitaja kwa ajili ya ofisi zilizo kama yetu. Wakati wa snapshoti huhifadhiwa kama sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Kenya kwa saa tatu, na seva yetu imewekwa UTC. Fundi wa kwanza aliandika katika daftari la zamu "saa tatu usiku," yaani saa 21:00 za Kenya, wakati orodha ingeionyesha snapshoti yake kuwa ya saa 18:00. Hata kama orodha ingefanya kazi usiku ule, fundi wa pili angeona tofauti ya saa tatu kati ya skrini na daftari, na huenda angesita. Sasa skrini inaonyesha saa za Kenya, na daftari linaandikwa kwa mtindo wa saa ishirini na nne.

Ukaguzi wa pili ulichukua siku nne na maoni thelathini na kidogo, kwa funksheni iliyokua kutoka mistari ishirini hadi karibu mia moja na ishirini. Jaribio nililolitaka kabla ya kuidhinisha lilikuwa na mashine iliyowashwa, yenye diski mbili za qcow2 zenye namba zisizolingana, CD ndani yake, snapshoti moja iliyomo katika diski zote, nyingine iliyomo katika moja tu, na jina moja lenye nafasi. Kisha tukaibadilisha diski ya pili kuwa raw na kurudia. Kisha tukaikata njia ya QMP katikati ya swali. Safari ya tatu ndiyo niliyoingojea kwa wasiwasi, na skrini iliandika: "Orodha haikusomeka: mashine haijajibu. Snapshoti zinaweza kuwapo."

Badiliko la mwisho halimo katika funksheni ya kuorodhesha, bali katika ile ya kuchukua snapshoti, na ni kijana aliyelileta bila kuombwa. Kitufe cha kuchukua sasa hakibonyezeki ikiwa orodha ya mashine hiyo haikusomeka. Badala ya savevm, programu inatuma snapshot-save, amri ya QMP iliyoingia katika QEMU toleo la 6.0 mwaka 2021, ambayo humlazimu mtumaji ataje diski zinazohusika na diski itakayobeba hali ya mashine, na ikikuta jina limekwisha kutumika katika diski yoyote kati ya hizo, hukataa. Tulijaribu pamoja kwa kutuma kabla-ya-maulidi mara mbili. Mara ya pili ilirudi na kosa, na snapshoti ya kwanza ilikuwa bado ipo.